Mama Picha na Diski Isiyochomolewa

Anayekwambia kwamba Mama Picha alikuwa mpole hajawahi kuchomoa diski mbele yake. Mimi nilifanya hivyo mara moja, bila kukusudia, kwa ncha ya ufagio, na wiki nzima salamu yangu haikujibiwa. Kwa hiyo nitamwandika kama nilivyomjua kwa miaka kumi na moja ya kupakana naye ukuta pale Kalangalala: mkali, mbishi, mchelewaji wa kazi za watu, na mkweli mpaka anakera. Wanaotaka mama wa kupakwa asali wakamtafute kwingine.

Alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu kwa ajili ya picha za pasipoti, kiti kilichokuwa kinazunguka zamani, printa, na laptopu nzee iliyofungwa gundi ya karatasi kwenye bawaba. Mimi nilikuwa na genge la mboga lililoegemea ukuta wake, nililokuwa nalifungua asubuhi na jioni. Mchana nilikuwa kilimani, nje kidogo ya mji, ambako wanawake ishirini na saba tulikuwa tunaponda kokoto kwa nyundo. Nakitaja kilima mapema kwa sababu ilifika siku uwanja wetu ule, uliokuwa ugali na madaftari ya watoto wetu, ulitegemea waya mmoja mfupi uliotoka kwenye laptopu ya Mama Picha. Nitafika huko. Kwanza mumjue mwenyewe.

Hakung'arisha sura ya mtu. Ukienda mweusi ulitoka mweusi, na ukienda na jipu ulitoka nalo. Mheshimiwa mmoja alimletea picha ya bango la kampeni, akataka apunguziwe tumbo. Mama Picha alimtazama juu ya miwani.

"Mheshimiwa, tumbo hilo umelilea mwenyewe. Nikilitoa hapa, wapiga kura watalikuta mkutanoni."

Mheshimiwa alikwenda studio ya jirani, wakamtoa tumbo na kidevu kimoja. Lakini alikuja mama mmoja kutoka kijijini, mwanawe amefukiwa kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na picha pekee aliyobaki nayo ilimwonyesha kijana akiwa kifua wazi, tope hadi kwenye nyusi. Yule mama hakuomba kitu, alitaka ikuzwe tu iwekwe kwenye jeneza. Mama Picha alikaa mchana kutwa akimvisha shati jeupe na koti, kola ikakaa sawa kabisa. Nilimuuliza, mbona leo umekubali kudanganya?

"Yule kijana hana tena wa kumdanganya," alisema. "Niache."

Alikuwa Mwislamu asiyekosa swala, na bado alikuwa anaijua misa ya ndoa kuliko wanakwaya wengi, kwa sababu alitaka kuwa amekwishajipanga kabla padri hajainua mkono. Alipoteza simu yake kila siku, mara ndani ya genge langu kwenye matembele, mara chini ya kiti. Diski zake za nje tatu hazikuwahi kupotea. Zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimeviringishwa kwenye kipande cha kanga, na kila moja ilikuwa na plasta ya jeraha iliyoandikwa miaka kwa kalamu.

Laptopu ile aliiendesha kwa mfumo wa Linux. Wateja walipoona mambo hayafanani na ya kompyuta walizozoea, waliuliza kama ni mbovu. Alihamia huko baada ya kuchoshwa na flashi za mji mzima. Kila aliyetaka kusafisha picha alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na virusi kutoka steshenari ya mwisho ilikopitia, mpaka siku moja picha za harusi mbili zikageuka vialama visivyofunguka.

"Nimechoka kuoga maji ya kila mtu," alisema, akaanza upya. Alijifunza peke yake, kwa kurasa alizochapisha na kuzitoboa na kuzifunga kwa kamba ya kiatu. Mafundi wa simu walimshauri anunue mashine nyingine kwa sababu ile ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti nne tu.

"Na nyie mkizeeka mtatupwa?" aliwajibu.

Sasa nije kwenye jeraha lake, kwa sababu bila hilo hutaelewa alichokifanya baadaye. Alipiga picha mahafali ya darasa la saba ya shule moja ya huku kwetu. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Hapa kwetu kila mtu amejifunza tabia moja: mstari wa kukopi ukijaa tu, chomoa haraka kabla umeme haujaondoka. Steshenari zote wanafanya hivyo, na huonekana ndio ujanja. Yeye naye alifanya hivyo. Mstari ulijaa, akachomoa, akafuta picha kwenye kadi ya kamera ili awahi kazi nyingine. Jioni alifungua diski akakuta majina ya picha yapo, picha zenyewe hazipo.

Mwingine angesema kamera iliibiwa. Yeye alikwenda shuleni siku ya kikao cha wazazi, akasimama mbele yao na kusema, "Nimezipoteza mimi, kwa pupa yangu." Wazazi walimtukana, mmoja alimwita tapeli kwa Kisukuma na kwa Kiswahili ili asikose kuelewa. Akarudi, akaandika majina ya watoto wote wa darasa lile kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Kila mtoto aliyepita mtaani alimvuta ndani na kumpiga picha bure, wengine wakiwa tayari wana ndevu.

Kisha alianza kutafuta chanzo. Alibadilisha waya, akabadilisha tundu la kuchomekea, akaijaribu diski kwenye mashine ya mtu mwingine. Kila kitu kilikuwa kizima. Lakini kila alipokopi mzigo mkubwa, mashine iliganda, mshale ukawa unatembea kwa kusitasita, halafu mstari ukajaa ghafla na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Alikaa na karatasi zake za kamba ya kiatu kwa siku nyingi. Alipopata jibu alitoka nje na kunieleza mimi, kwa sababu nilikuwa karibu na kwa sababu ninajua kokoto.

"Mama Shija, mnaponda haraka kuliko lori linavyobeba, si ndiyo? Kokoto zinajaa uwanjani mpaka hata mwenye nyundo hana pa kukaa. Basi uwanja ndiyo RAM, na lori ndiyo diski. Mashine inaganda kwa sababu uwanja umejaa. Haijafa."

"Na ule mstari unaosema imemaliza?"

"Ule ni karani mwongo. Anaandika mzigo umefika, kumbe bado uko uwanjani unasubiri lori. Ukichomoa hapo, umeutupa."

Tangu siku hiyo alikuwa na desturi mbili. Kila asubuhi alifungua dirisha jeusi la maandishi na kuishushia mashine kiwango cha mzigo unaoruhusiwa kusubiri kwenye RAM, ili kukopi kwende polepole lakini kwa ukweli. Na kabla ya kuchomoa aliandika herufi nne, sync, amri ya kuilazimisha mashine ipeleke mzigo wote kwenye diski, akakunja mikono. Mashine ikinyamaza, naye alinyamaza. Ilipomrudishia mstari wa kuandikia, ndipo alipoitoa diski kwa amri, kisha kwa mkono. Nilimwambia hayo mambo ya kila asubuhi ayaandike mahali mashine iyakumbuke yenyewe. Alisema mashine ikikumbuka kila kitu yeye atakumbuka nini. Huo ulikuwa ubishi mtupu, na ulikuja kutugharimu.

Na ule ufagio? RAM yake ilipokuwa haitoshi kwa picha kubwa, alitenga sehemu ya diski ya nje iwe akiba ya RAM, mashine ikizidiwa imwage huko. Mimi nikafagia mbele ya genge, ncha ikapita chini ya mlango, waya ukatoka. Mashine ikafa palepale na albamu ya harusi nusu. Baada ya ile wiki ya kununiana alikuja kununua nyanya.

"Kosa lilikuwa langu," alisema akichagua nyanya. "Niliazima akili kwenye kitu kinachochomoka. Akiba nimeihamishia ndani."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nimesema kosa langu. Kuhusu kufagia bado hujui."

Kila Januari alikuja kilimani kutupiga picha. Kikundi kilikuwa kinachagua viongozi, na katiba yetu ilitaka picha ya wanachama. Alitupanga juu ya lundo, kila mmoja na nyundo yake na ile pete ya mpira wa tairi tunayozungushia jiwe lisiruke. Kisha alizunguka akipiga uwanja wote: mashimo, mawe makubwa, kibanda chetu cha mabati. Tulimwambia hizo za uwanja hatutazilipia. Alijibu kwamba hakuna aliyemtuma kuzipiga, basi tusijipe kazi ya kukataa.

Halafu akaja mwekezaji na mashine ya kupondea mawe, karasha, akitaka kilima. Alipeleka barua kwenye kata akisema sisi ni wavamizi, tumekuja mwaka uliopita tu baada ya kusikia habari zake. Serikali ya mtaa tuliyoanza nayo ilishabadilika, na daftari la zamani lililotuandikisha halikuonekana. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alituambia wazi: kama hatuna ushahidi wa miaka, tuondoke mwisho wa mwezi.

Nilikwenda studio mbio. Mama Picha hakunipa pole. Alifungua kopo la maziwa, akatoa diski yenye plasta ya zamani zaidi, akasema, "Kikao saa ngapi?"

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, ofisi ya kata. Tulijaa ukumbini, wengine tumekaa sakafuni. Mwenyekiti alisema kamati itachukua picha halisi zenye tarehe ndani yake, zikopiwe kwenye diski ya ofisi, na zikaguliwe hapo hapo kwa sababu saa sita wanaondoka kwenda Bugarama kwa kazi nyingine na hawarudi. Msemaji wa mwekezaji, kijana wa suti, alipendekeza Mama Picha aiache tu diski yake.

"Hii haiachwi," alisema Mama Picha.

Karani aliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta ile haikuizoea diski iliyoandaliwa kwa Linux. Ikatoa kidirisha.

"Inasema haijafomatiwa," karani alisema, mkono tayari kwenye mausi. "Nifomati?"

Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akiruka vile. Aliufunika mkono wa karani kwa mkono wake, akausogeza taratibu mpaka kwenye neno la kukataa. Miaka yetu yote ilikuwa chini ya kidole cha yule karani, na wala hakuwa mtu mbaya.

Basi ikabidi itumike laptopu ya gundi. Aliiwasha, akachomeka diski yake upande mmoja na ya ofisi upande mwingine, akaanza kukopi. Diski ya ofisi ilikuwa chakavu na nzito kupokea. Dakika chache tu, mashine ikaganda. Mshale ukasimama katikati ya uso wangu wa miaka ile, kwenye picha aliyokuwa ameifungua. Nilimwona Mama Picha akifumba macho.

"Nimesahau namba zangu," aliniambia kwa sauti ya chini. Katika haraka ya asubuhi ile hakuwa ameishushia mashine kiwango.

Kisha mstari ukajaa, ukaandika kwamba kazi imekwisha.

"Tayari, chomoa," alisema karani kwa furaha.

"Bado."

"Mama, si umeona? Imemaliza."

"Nimesema bado."

Ilikuwa saa tano na nusu. Mwenyekiti alianza kukusanya karatasi. Msemaji wa mwekezaji alicheka, akasema huu ni mchezo wa kuigiza wa kuchelewesha kamati, akanyoosha mkono kuelekea kwenye waya. Mama Picha hakumzuia. Alimtazama tu.

"Gusa," alimwambia. "Ukichomoa sasa utakuwa umefuta ushahidi mbele ya kamati, na mashahidi ni hawa wote. Gusa tuone."

Kijana aliurudisha mkono mfukoni. Nilifurahi, na sioni aibu kusema hivyo.

Aliliita lile dirisha jeusi. Lilichukua muda mrefu kutokea, tukilisubiri kama watu wanaosubiri daktari atoke. Lilipotokea aliandika sync, akafungua jingine, akaonyesha namba moja kubwa inayobadilika kila sekunde.

"Mwenyekiti, njoo uone. Hizi ni megabaiti ambazo bado ziko kwenye RAM, hazijafika kwenye diski yako. Mia tano na tisini. Ikifika sifuri nitachomoa mimi mwenyewe. Ukitaka kuondoka, ondoka, lakini uandike kwenye muhtasari kwamba uliondoka namba ikisoma hivi."

Mwenyekiti alivaa miwani. Mia tano themanini na tano. Mia tano themanini na mbili. Akavuta kiti.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa sakafuni, mama mtu mzima asiyejua kompyuta hata kidogo, aliuliza, "Sasa ngapi, mayu?" akiniita mama kwa Kisukuma. Nikamsomea. Nikaisoma na iliyofuata. Wengine wakaanza kuipokea, na baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti, kushuka, wanawake ishirini na saba na karani. Namba iliposimama kwenye mia tatu na kumi, hesabu yetu nayo ikasimama. Mama Picha hakugusa kitu. Ikaanza tena. Ilipofika chini ya hamsini hata mjumbe mmoja wa kamati alikuwa anahesabu nasi.

Sifuri. Mstari wa kuandikia ukarudi. Aliitoa diski ya ofisi kwa amri, akaichomoa, akampa karani kwa mikono miwili. Kisha akakataa kuondoka mpaka karani aifungue kwenye kompyuta ya ofisi na kuandika idadi ya picha kwenye muhtasari, na mwenyekiti aweke sahihi.

Picha ya kwanza ilipofunguka, ilikuwa na tarehe ya miaka tisa nyuma. Tulikuwa juu ya lundo, wembamba, wachache, na nyundo mpya.

"Huyu nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Na mgongoni?"

"Shija. Sasa yuko darasa la nne."

Akafungua iliyofuata. Alizipitia moja moja mpaka gari la Bugarama likapiga honi mara tatu. Baada ya wiki mbili barua ilikuja, kilima ni chetu, mwekezaji atafutiwe pengine. Tulipika pilau. Mama Picha alikula, akalalamika chumvi, akaondoka kabla ya hotuba.

Mwaka jana nilimkuta Isaka, stesheni, amekaa juu ya begi lake akisubiri treni ya kwenda Tabora kwa binti yake. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, studio ameifunga. Nilimwamkia.

"Marahaba. Bado mnaponda?"

"Tunaponda. Wabeja, mayu. Sikuwahi kukushukuru vizuri."

"Na leo usinishukuru, nina njaa."

Nilimnunulia mihogo ya kukaanga, tukakaa. Nikamtania kuhusu siku ile, jinsi alivyotutoa jasho kwa mashine yake ya gundi. Nikasema, laiti ungekuwa na laptopu mpya yenye RAM ya maana, tusingezeeka pale ofisini.

"Nililetewa," alisema huku akitafuna.

"Uliletewa nini?"

"Laptopu mpya. Ndani ya boksi lake. Gigabaiti kumi na sita. Yule kijana wa suti aliileta studio, siku tatu kabla ya kikao, alishasikia kwamba nina picha zenu. Hakutaka hela. Alisema nimpe tu ile diski ya zamani, kwamba ni takataka, atanisaidia kuitupa."

Niliurudisha muhogo kwenye karatasi. Siku zile tatu nilikuwa nalia gengeni kwangu, ukuta mmoja tu kutoka kwake, na hakuwa amesema neno.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngelala?"

"Lakini ungeichukua, Mama Picha! Ungekopi kwanza, ungekuwa nazo zote mbili. Ile mashine ingekopi kwa dakika mbili!"

Alinitazama kwa yale macho yaliyochoka kama alivyomtazama mheshimiwa na tumbo lake.

"Na mimi ningesimamaje mbele ya kamati," alisema, "nimeshika laptopu ya yule mtu, niseme naleta ukweli?"